Jinsi ya Kumfanya Komredi wa Migosi Azime Taa

Mwongozo huu umeandikiwa watu wawili. Wa kwanza ni afisa wa chuo aliyekabidhiwa kamati ya mazingira, bajeti ya chai na mandazi, na agizo kwamba wanafunzi wapunguze matumizi ya stima kabla muhula haujaisha. Wa pili ni mwenye ploti kule Migosi, Kisumu, ambaye kila akipita usiku hukuta madirisha yote yanawaka na wapangaji wake, wasomi watupu, wamelala fofofo. Komredi mwenyewe, yaani mwanafunzi, hajakatazwa kusoma, ila asome mchana.

Anzeni na kibandiko. Msiulize kwa nini. Kampeni isiyo na kibandiko haina picha ya kuweka kwenye ripoti. Kiwe cha kijani, kiwe na dunia inayotokwa na machozi, na chini yake maneno "Zima taa, okoa sayari". Kibandikeni juu ya swichi. Mwiteni mkuu wa kitivo akinyooshee kidole huku akitabasamu, mpige picha, mrudi ofisini, muwashe feni, muandike kwamba uhamasishaji umefanyika.

Msidhani komredi haipendi sayari. Anaipenda. Mwulizeni naye atawaeleza kwa ufasaha habari za hewa ya ukaa, za gugu maji linaloziba ziwa, za mafuriko yanayowahamisha watu kule Nyando. Insha hiyo atapata A. Halafu atapanda tuktuk mpaka Kondele, atembee hadi chumbani, achomeke koili na kuinjika maharagwe makavu tangu alasiri mpaka jua lizame. Si mnafiki huyu. Sayari haijawahi kumletea bili, wala haina namba yake ya simu.

Hapo kwenye koili tusimame kidogo, maana kamati nyingi huiruka. Ni ule waya uliojiviringisha ndani ya kigae, unaouzwa sokoni Kibuye bila boksi, bila maelekezo na bila aibu. Kwa kawaida unakula wati 1,000 au zaidi. Yuniti moja ya stima ndiyo hiyohiyo: wati 1,000 kwa saa moja. Maharagwe makavu yakikaa motoni saa tatu yamekula yuniti 3. Sasa chukueni yuniti hizo 3 mzipe balbu ya LED ya wati 9: itawaka saa 333. Komredi akisoma saa nne kila usiku, sufuria moja ya maharagwe ingemtosha siku 83, yaani muhula karibu wote, mitihani ikiwemo. Kwa hiyo kibandiko chenu kimemwambia azime kitu pekee chumbani ambacho hakili chochote, tena ndicho kinachohusiana na kilichomleta chuoni. Koili hamkuitaja.

Mtaniambia koili imepigwa marufuku bwenini. Ndiyo sababu kila chumba kinayo.

Kwani bweni ndilo mahali pazuri kuliko pote pa kumfundisha kijana kutumia stima bila hesabu. Ada ya malazi hulipwa mara moja na humo ndani stima imo. Mita imefungiwa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, ufunguo anao fundi, na fundi yuko likizo. Bili inakwenda moja kwa moja kwa mhasibu, naye anailipa au halipi, lakini kwa vyovyote vile hamwonyeshi mtu. Komredi akiacha taa, feni na chaja zikiwaka siku nzima, ada haipandi. Akizizima zote na kukaa gizani mithili ya mtawa, ada haishuki. Mtu wa namna hiyo akizima taa, amezima kwa malezi ya mama yake tu, na malezi si jambo ambalo kamati inaweza kulinunua katikati ya muhula.

Basi mnafanya msako wa koili. Habari za msako hutangulia kwenye simu dakika kumi kabla yenu, na koili huzama chini ya kitanda ikiwa bado nyekundu, sentimita chache kutoka godoro la sponji. Hapo mmeokoa nini sijui, lakini mmekaribia kupoteza jengo.

Tumtoeni bwenini, tumpeleke Migosi. Ni wadi ya Kisumu ya Kati, jirani ya Kondele na Manyatta, na ni mwendo mfupi kutoka soko la Kibuye. Wanafunzi wa Kisumu Poly wanapanga huku, wa kampasi za mjini za vyuo vikuu vya Maseno na Nairobi wanapanga huku, na wale waliokosa nafasi za bweni wanapanga popote penye mlango na kufuli. Nyumba nyingi ni singo na bedsita zilizopangwa mistari miwili, korido katikati, bomba mwisho wa korido, na juu ya paa tangi jeusi la plastiki ambalo ifikapo saa nane mchana maji yake yana moto wa kutosha kuoga bila kuchemsha. (Kuna komredi huoga saa kumi na mbili asubuhi kwa maji ya heta. Kisumu. Huyo muacheni, ana shida nyingine.)

Mkitaka kuona jinsi watu wenye akili timamu wanavyoweza kumaliza tokeni kwa kasi, tafuteni ploti ya milango kumi yenye mita moja. Utaratibu ni huu: tokeni zikikaribia kwisha, keateka anaandika kwenye kundi la WhatsApp, "Zimebaki 4. Kila mlango mia." Alama za buluu zinajaa. Jibu hakuna. Baada ya saa moja mtu anatuma picha ya kuchekesha. Giza likiingia ndipo watu wanatoka koridoni kila mmoja na tochi ya simu, na mahojiano yanaanza.

"Omera, umechanga?"

"Mimi natumia stima ya kuchaji simu peke yake."

"Na maharagwe?"

"Maharagwe gani?"

Keateka, mzee wa makamo aliyevaa kandambili, anavuta pumzi mbele ya mlango wa tatu. "Nyathina, fungua tu. Hata mimi nina pua."

Na huyo wa mlango wa tatu si mwizi, anajua hesabu. Mia yake imeingia kwenye chungu cha watu kumi. Akijinyima yuniti moja, sehemu kubwa ya yuniti hiyo itakwenda kwa jirani mwenye wufa anayetazama mpira kwa sauti ya uwanja mzima wa Mamboleo. Akiitumia yeye, ameila yeye. Kwa hiyo kila mmoja anakimbilia kupika kabla mwenzake hajapika, na tokeni zilizopangwa kufika Jumapili zinakata roho Alhamisi jioni. Mmegundua kwamba katika ploti hiyo anayezima taa anaitwa mshamba? Ni mfadhili asiyejulikana.

Kuna jambo jingine ambalo wenye ploti hawalisemi, na wapangaji wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, mamlaka ya nishati EPRA ilipopanga bei upya, wateja wa nyumbani wamewekwa kwenye ngazi tatu: wanaotumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya hapo na 100, na waliovuka 100. Kabla ya hapo ngazi ya mnyonge ilifika yuniti 100. Ikashushwa hadi 30. Kila ngazi ina bei yake, na kadiri unavyopanda ndivyo yuniti inavyokuwa ghali. Sasa tuseme kila mlango unatumia yuniti 15 kwa mwezi, taa na simu na kompyuta. Kila mmoja angekuwa na mita yake, wote kumi wangekaa ngazi ya chini na nafasi ingebaki. Lakini mita ni moja, kwa hiyo inasoma 150. Mita haioni milango. Inaona mteja mmoja tajiri anayeishi Migosi kwa kupenda, na inamtoza ipasavyo. Makomredi kumi wanaokula omena wanalipa stima kwa bei ya bwana mwenye friji mbili.

Mwenye ploti, hapo ndipo unashauriwa kuleta mita ndogo. Weka moja kila mlango, uwauzie yuniti kwa bei unayoijua wewe, usitoe risiti. Matumizi yatashuka, hilo halina ubishi. Wapangaji nao watashuka, na mizigo, kwenye mkokoteni, kuelekea ploti ya jirani. Au fuata njia ya wazee: swichi kuu izimwe saa nne usiku, na atakayeuliza aambiwe ni Kenya Power. Kenya Power imezoea kusingiziwa. Kwa haki kabisa, mara nyingi ni kweli.

Njia inayofanya kazi ni ya kuchosha kwa sababu haina ujanja: mpe komredi mita yake mwenyewe na umwache na mfuko wake.

Muangalieni siku ya kwanza. Ananunua tokeni ya hamsini. Ujumbe unaingia: namba ya mita, tarakimu 20 zilizopangwa nne nne, yuniti, pesa aliyolipa, na chini yake pesa iliyokwenda kwenye stima yenyewe, ikifuatwa na tozo nyingine. Anasoma tena. Hamsini yake haikununua stima ya hamsini. Humo kuna ushuru wa VAT asilimia 16, tozo ya kupeleka stima vijijini asilimia 5, marekebisho ya mafuta, marekebisho ya dola, kitu kidogo cha EPRA, na kitu kidogo zaidi cha maji yanayozungusha mitambo kwenye mito kama Sondu. Amebaki na yuniti mbili hivi. Hapo hapo anazunguka chumbani akitazama soketi kwa jicho ambalo mhadhiri wake wa fizikia hajawahi kuliona. Chaja inayoning'inia bila simu inang'olewa. Pasi inapigwa mara moja kwa wiki, nguo zote, kola kwanza. Usiku anaamka kwenda kusoma tarakimu kwenye kile kidude cha mita, halafu analala vibaya.

Haya hayatokei Migosi peke yake. Cape Town, Afrika Kusini, watafiti Kelsey Jack na Grant Smith walifuatilia nyumba zilizotolewa kwenye bili ya mwisho wa mwezi na kuwekewa mita za kulipia kabla. Matumizi yalipungua kwa asilimia 14 hivi. Watu ni walewale, taa ni zilezile, mahubiri hayakuongezwa. Kilichobadilika ni kwamba pesa ilitoka kwanza.

Ila msianze kushangilia, afisa. Komredi mwenye tokeni yake hakuokoa stima yote mnayomhesabia. Nyingine ameihamisha. Asubuhi anatoka Migosi na begi lililojaa kompyuta, simu mbili, pawa benki, mashine ya kunyolea, na ekstensheni ya mita tatu. Anafika maktaba mapema kuliko mkutubi. Kwenye soketi moja ya chuo utakuta mti wa nyaya wenye matawi manane, na chini yake kijana anayesoma jarida kwa makini ya ajabu, maana hawezi kuondoka kabla asilimia hazijafika 100. Mmoja nimemwona amechomeka taa ya kuchaji, ile ya kutumia usiku nyumbani. Anabeba mwanga wa serikali mpaka Migosi. Yule yule anayezima balbu ya wati 9 chumbani kwake huacha projekta ya ukumbi ikiwaka na watu wametoka, kwa sababu ile ni ya chuo, na chuo hakina uso.

Kwa hiyo swali la ni nini kinamsukuma mwanafunzi kuokoa nishati lina jibu fupi la kuudhi: ni kujua stima ni ya nani na kuiona ikiisha. Pesa ni njia mojawapo tu ya kuiona. Mwaka 2005 chuo cha Oberlin, Ohio, kiliendesha mashindano kati ya mabweni yake. Wanafunzi kule hawakulipa bili, kama wetu tu wa bwenini. Kilichofanyika ni kuwaonyesha stima wanayotumia, bweni kwa bweni, na zawadi kidogo kwa washindi. Kwa muda wa wiki mbili matumizi yakashuka kwa asilimia 32. Mabweni mawili yaliyokuwa yanaona tarakimu zao karibu papo hapo yalishusha kwa asilimia 55. Hawa si watu wenye roho safi kuliko makomredi wetu. Walitaka tu kulipiga bweni la pili. Na anayedhani ushindani wa aina hiyo hauwezekani Kisumu hajawahi kusikia watu wa korido mbili wakibishana juu ya Gor Mahia.

Tena aibu ina nguvu kuliko shilingi. Bandika kwenye mlango wa korido karatasi yenye namba za vyumba na yuniti za wiki, usiandike jina wala neno la lawama. Mlango wa tatu atapunguza maharagwe bila kuambiwa, na atadai kwamba ameanza kula matunda.

Kuhusu maharagwe, suluhisho liko Migosi tayari na halikuhitaji ufadhili. Jioni, kando ya barabara, kina mama wanauza maharagwe na githeri vilivyokwishachemshwa, kikombe kwa kikombe, kutoka sufuria moja kubwa iliyokaa kwenye jiko la makaa tangu mchana. Moto mmoja unalisha mtaa. Komredi ananunua vikombe viwili, "Mama, niongezee kidogo, mimi ni mwanao," anaongezwa mchuzi, anakwenda kukaanga na kitunguu kwa dakika saba. Weka hizo dakika saba mkabala na saa tatu za koili, mara milango kumi. Kama ningekuwa na pesa za kamati ningempa mama huyo jiko bora zaidi na mwavuli, na mandazi ningeyafuta kwenye bajeti. Makomredi wenye uwezo wamenunua meko ya kilo sita na mambo ya koili wameyasahau, isipokuwa gesi inapoishia ugali ukiwa umefika nusu.

Lazima niwaonye kuhusu kalenda. Tabia zote nilizozitaja zinadumu mpaka mkopo wa Helb uingie. Siku hiyo wufa inarudi kutoka kwa rafiki aliyeitunza, taa inawaka mchana, na wageni wanapikiwa kuku mzima. Msichukue takwimu zozote wiki hiyo. Wiki ya tatu baadaye rudini na daftari: mtakuta uchumi umeanguka na mazingira yamepona. Ujumbe wa mgeni anayekuja Jumamosi nao huvuruga hesabu, kwani hakuna komredi aliyewahi kumkaribisha mgeni wake wa kwanza kwenye chumba chenye giza kwa hoja ya tabianchi.

Na mkitaka matokeo ya haraka kushinda yote, igeni tumbili. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, mitambo mingine ikazidiwa, na Kenya karibu nzima ikazimika. KenGen, mwenye kituo, ilitoa taarifa rasmi. Tumbili alipona, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Hakuna kamati ya mazingira iliyowahi kuokoa stima kiasi hicho kwa siku moja, na yeye hakudai posho ya kikao. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, taifa lilizimika tena bila msaada wake. Migosi ilitulia kabisa. Watu walitoa viti nje, wakajua majina ya majirani, na mlango wa tatu akaonekana akipuliza makaa.

Sasa kazi. Mwenye ploti, kaa na wapangaji wako mpige hesabu ya ngazi za EPRA, halafu uende ofisi ya Kenya Power ukaombe mita za milango yako, kila mlango na yake, tokeni zinunuliwe kwa namba ya mpangaji na si kwa bei yako. Utapoteza faida ndogo na ugomvi mkubwa. Afisa, koili msizinyang'anye kabla hamjaweka jiko la pamoja lenye gesi kwenye kila bweni, maana njaa haiwezi kupigwa marufuku kwa waraka. Kisha mtafuteni yule fundi popote alipo likizo, chukueni ufunguo, fungueni kile chumba cha chini ya ngazi, na mita itolewe iwekwe mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia na kutoka ataisoma.